Tasnifu ya kitabu au tasnifu ya makala? Ulinganisho kwa anayeanza uzamivu Uganda

Kwenye rafu ya sebule yetu hapa Kikoni, chini ya kilima cha Makerere, tasnifu mbili za uzamivu (PhD) zimesimama bega kwa bega. Moja ni yangu: kurasa 318, sura saba, hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho, kuhusu Kiswahili cha kupatana bei katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Ya pili ni ya mdogo wangu, mkunga kwa taaluma: kurasa 140, ndani yake makala nne, tatu kati ya hizo zilikuwa zimeshachapwa majaridani kabla hajavaa joho, pamoja na utangulizi na mjadala unaozishika zote. Tulizaliwa nyumba moja Kasese, tukasoma miaka ileile, tukala chungu kimoja. Lakini kazi zetu hazikufanana hata wiki moja. Kila mmoja alikuwa na aina yake ya kukosa usingizi.

Wanaokuja kutuuliza huwa na swali lilelile: ipi inaisha haraka? Nawaelewa, kwa sababu ada inahesabiwa kwa mwaka na kazini ruhusa ina mwisho. Lakini swali hilo limewapoteza wengi. Nimeona kitabu kilichoisha kwa miaka minne na makala zilizoburutwa saba, na nimeona kinyume chake pia. Mimi nasema tazama mambo mawili: swali lako la utafiti limejengwaje, na nani atakayesoma maandishi yako wakati bado ni mabichi. Ukishayajua hayo, uamuzi unajitokeza. Na uamuzi huo ufanywe kabla ya kwenda uwandani. Ukirudi na data ndipo uanze kuchagua, data zitakuwa zimeshakuchagulia.

Zimetoka wapi

Tasnifu ya kitabu tumeirithi kwa Waingereza. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikafungamana na Chuo Kikuu cha London na wahitimu wake wakawa wanapata shahada za London. Mwaka 1963 ikawa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 ikasimama yenyewe. Desturi ya andiko moja refu, la maneno elfu themanini hadi laki moja hivi, ilibaki mlimani, na vyuo vilivyofuata vikaichukua.

Tasnifu ya makala ilitufikia sana kwa njia ya Skandinavia. Mwaka 2000 Uswidi, kupitia shirika lake la Sida, ilianza kugharimia wanafunzi wa uzamivu wa Makerere, wengi wakigawa muda wao kati ya Kampala na vyuo kama Karolinska Institutet cha Stockholm. Huko, hasa katika sayansi za afya, tasnifu ni makala chache zinazovikwa maelezo ya mwandishi mwenyewe. Waswidi huyaita maelezo hayo kappa, yaani vazi la juu, koti. Mimi kila nikilisikia neno hilo nafikiria joho, na mfano huo unafaa: vazi zuri halifichi kwamba ndani kuna mwili mmoja. Kama ndani kuna miili minne tofauti, joho halitatosha.

Leo njia zote mbili zinatembea Uganda, lakini si kila shule ya kila chuo inazipokea sawa. Kabla ya lolote lingine, omba kanuni za uzamivu za shule yako kwa maandishi, zile za mwaka uliosajiliwa wewe, usome sehemu inayohusu makala: zinatakiwa ngapi, ziwe zimechapishwa au zimekubaliwa au zimetumwa tu, na wewe uwe mwandishi wa kwanza katika ngapi. Maneno ya kuambiwa kwenye korido usiyajengee nyumba.

Swali lako ni mti au ni shamba?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Swali langu lilikuwa hili: watu wa pande mbili za mto Lhubiriha, wa Mpondwe upande wetu na wa Kasindi upande wa Kongo, wanafanyaje biashara katika Kiswahili ambacho kwa wengi wao si lugha ya mama, na heshima inakaa wapi katika maneno yao? Huwezi kulikata swali hilo vipande vinne kila kimoja kikajisimamia. Ili uelewe kwa nini mnunuzi anamwita muuzaji "mama" hata kama ni msichana wa miaka kumi na tisa, lazima kwanza ujue historia ya mpaka, halafu nani anauza nini, halafu sauti inapanda wapi. Sura ya tano haina maana bila ya tatu. Huo ni mti: ukikata tawi linakauka.

Swali la mdogo wangu lilihusu kwa nini akina mama wa wilaya yetu huchelewa kufika kujifungulia kituoni. Lake lilikuwa shamba lenye mafungu. Fungu la kwanza, mapitio ya tafiti zote zilizokwisha fanywa Afrika Mashariki. La pili, hojaji kwa akina mama katika vituo vya afya vya daraja la tatu. La tatu, mahojiano ya kina na akina mama, waume na wakunga. La nne, kujaribu namna mpya ya kuwakumbusha tarehe na kuona kama inasaidia. Kila fungu lina mbinu yake, matokeo yake na msomaji wake. Ukivuna moja, mengine yanaendelea kukua.

Kipimo ninachowapa watu ni hiki: jaribu kutaja kila sehemu ya utafiti wako kwa sentensi moja ambayo mtu asiyejua sehemu nyingine ataielewa na kujali. Ukiweza mara tatu au nne, unaweza kufikiria makala. Ukijikuta kila sentensi inaanza na "baada ya kueleza yale ya mwanzo", una kitabu mkononi.

Kuna jambo jingine katika suala la swali, nalo ni la nani. Mahmood Mamdani alipokuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere kuanzia mwaka 2010, alisema wazi kwamba kazi za ushauri wa kulipwa zilikuwa zimewazoesha watafiti wetu kutafuta majibu ya maswali yaliyotungwa na wengine, na akaanzisha uzamivu ambao mwanafunzi husoma kwanza darasani kwa bidii kabla ya kuunda swali lake. Huna lazima ukubaliane naye katika kila kitu. Lakini ukweli ni kwamba tasnifu nyingi za makala huzaliwa ndani ya mradi mkubwa wenye fedha, na swali linakuja pamoja na fedha hizo. Si dhambi. Mdogo wangu aliingia mradi wa namna hiyo, akapewa mafungu matatu yaliyokwisha andikwa, na akapigania lile la mahojiano liwe lake mwenyewe. Hilo ndilo analolifundisha hadi leo. Ukiingia mradi wa watu, uliza siku ya kwanza: fungu gani ni langu?

Vibali

Hapa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa katika jambo moja. Njia ni ileile kwa wote: andiko la utafiti lipite kwenye kamati ya shule, kisha kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ambalo liliundwa kwa sheria mwaka 1990, ndipo uende wilayani na barua zako kwa ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, wa kijiji. Fomu ya ridhaa itafsiriwe kwa lugha ya mhojiwa. Kibali kina mwisho na huombwa upya.

Jambo lenyewe ni mabadiliko. Kitabu kinavumilia njia kupinda. Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na mgonjwa wa kwanza kugunduliwa wilayani kwetu, magulio yetu ya mpakani yalivurugika. Watu wakasalimiana kwa mbali na kila aingiaye akanawa kwa maji ya klorini. Nilisimama kukusanya data. Niliporudi nilikuta hata maneno ya kupatana bei yamebadilika, kwa sababu mtu asiyekushika mkono anakubembeleza kwa sauti tu. Niliomba marekebisho ya kibali, nikaongeza sura. Ile ndiyo sura ambayo mtahini wa nje aliisifia kuliko zote.

Fungu la nne la mdogo wangu lisingeweza kufanya hivyo. Jaribio la kitabibu lazima lisajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa, kwa mfano kwenye rejista ya majaribio ya Afrika iliyoko Cape Town, na majarida makubwa ya udaktari tangu mwaka 2005 hukataa jaribio ambalo halikusajiliwa mapema. Ulichosajili ndicho utakachopimwa nacho. Nimemwona mwanafunzi mwema, mchapakazi, akigundua hilo baada ya kumaliza kukusanya data za watu mia mbili. Aliishia kuandika kitabu, si kwa kupenda.

Nani anakusoma

Mwandishi wa kitabu ana wasomaji wawili, pengine watatu: wasimamizi wake. Wakiwa wema na wana nafasi, unalelewa. Wakiwa na wanafunzi kumi na wanne, madarasa, na safari, sura yako inalala. Sura yangu ya pili ilikaa kwa msimamizi mmoja miezi saba. Sikuwa na mtu mwingine wa kunisomea, na ubaya wa kimya hicho si muda unaopotea tu. Unaanza kuandika bila kujua kama unaeleweka, unaongeza maneno ili kujilinda, na sura inavimba. Niliokolewa na wenzangu watatu wa mwaka uleule. Tulikutana kila Alhamisi jioni, kila mmoja na kurasa kumi zilizochapwa na kalamu nyekundu. Mmoja alikuwa wa kilimo, hakujua isimu hata kidogo, na ndiye aliyenifaa zaidi maana kila aliposema "hapa sijaelewa" nilijua ni kweli.

Kwa hiyo anayechagua kitabu ajitengenezee wasomaji. Kuna mipango inayofanya hivyo kwa utaratibu: CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 na ambao Makerere ni mwanachama, huwakusanya wanafunzi wa uzamivu katika semina za pamoja hatua kwa hatua, na wanakuja na maandishi yao mkononi. Usipopata nafasi huko, Alhamisi na kalamu nyekundu zinatosha.

Mwandishi wa makala ana wasomaji wasiomjua na wasiomhurumia. Hao ni wahakiki, wataalamu ambao jarida huwapa makala waipime. Barua yao kuhusu makala ya pili ya mdogo wangu ilikuwa na hoja 43. Niliiona juu ya meza ya chakula, karibu na sinia la matoke. Alikuwa amechora jedwali la safu tatu: mhakiki amesema nini, sisi tunajibu nini, tumebadili ukurasa gani na mstari gani. Usiku wa manane alikuwa bado kwenye hoja ya 17. Mhakiki aliuliza: kwa nini hamkupima muda ambao mama alitumia njiani hadi kituoni? Yeye alikuwa amepima kilomita. Kwetu milimani, pembeni mwa Rwenzori, kilomita tatu zaweza kuwa dakika arobaini au saa mbili, kutegemea mto umejaa ama haukujaa.

"Dada," akaniambia, "huyu mtu ana haki kabisa. Na mimi siwezi kurudi."

Hakuweza, kwa sababu hojaji zilikuwa zimefungwa mwaka mmoja nyuma. Aliandika udhaifu huo wazi ndani ya makala, na makala ikapita. Lakini tangu siku hiyo kila anayemfuata humwambia afungue majarida mawili anayotaka kuandikia, asome makala tano za hivi karibuni za somo lake, atazame wamepima nini, kabla ya kuchapa hojaji. Nami naongeza: hili ndilo linalofanya uamuzi wa kitabu au makala uwe wa mwanzo. Jarida linataka vitu ambavyo msimamizi hataviuliza.

Majibu ya jarida huchukua miezi mitatu, sita, wakati mwingine mwaka. Mwandishi wa kitabu anasubiri watu anaoweza kuwagongea mlango. Mwandishi wa makala anasubiri kalenda ya mtu asiyemwona. Wakati huohuo, makala moja ikisubiri, unaandika nyingine, na hiyo ndiyo neema ya njia ile: siku ambazo Makerere ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, mdogo wangu alikuwa na makala mbili mikononi mwa wahakiki, na kazi yake ilitembea yeye akiwa amekaa nyumbani. Yangu ilisimama pale iliposimama.

Majina juu ya makala

Nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni chungu na rahisi. Kitabu ni chako peke yako. Makala ina waandishi wenza, na mpangilio wa majina umevunja urafiki wa watu wengi. Kanuni ambayo majarida ya tiba huifuata ina masharti manne: uwe umechangia kwa kweli katika kupanga kazi au kupata na kuchambua data; uwe umeandika au umehakiki kwa kina; uwe umekubali toleo la mwisho; na uwe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Mtu asiyetimiza yote manne anashukuriwa mwishoni, hawekwi juu. Kaeni chini mapema, andikeni majina kwenye karatasi moja, kila makala na mpangilio wake, wote watie sahihi. Kumwambia profesa wako hivyo kunahitaji adabu, lakini inawezekana: "Mwalimu, naomba unisaidie tuweke hili sawa mapema ili baadaye nisikukosee." Mdogo wangu alilisema hivyo hivyo, na hakukuwa na tatizo.

Fedha

Kuchapa na kujalidi nakala za kitabu Wandegeya ni gharama inayoonekana, na watu huiogopa kupita kiasi. Gharama halisi ya kitabu ni miaka: kila mwaka wa ziada ni ada, pango, na mshahara uliousamehe.

Kwa makala, hofu kubwa ni ada ya kuchapisha kwenye majarida ya wazi, yale yanayosomwa bure, ada ambayo hufika dola elfu mbili na zaidi. Wengi hawajui kwamba wachapishaji wakubwa huwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini, Uganda ikiwamo. Shida ni masharti: wengine hutazama mwandishi wa mawasiliano tu, yule anayeandikiana na jarida, wengine wanataka waandishi wote wawe wa nchi hizo, na mwenza mmoja wa Stockholm akakufungia mlango. Msamaha uombwe siku ya kutuma makala, si baada ya kukubaliwa. Na yapo majarida yetu yasiyotoza au yanayotoza kidogo. Tovuti ya AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu mwaka 1998, ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta.

Jihadhari sana na majarida ya kitapeli. Yanakuandikia barua pepe yenye sifa nyingi, yanakubali makala kwa siku nne, yanadai malipo. Mwanafunzi aliyebanwa na kanuni ya "makala mbili kabla ya kutetea" ndiye windo lao. Makala ikishaingia huko haitoki, na watahini wanayajua majina hayo. Huu ni ubaya wa njia ya makala ambao kitabu hakina kabisa, na kwangu una uzito mkubwa.

Lugha

Hili linatuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Uganda iliandika Kiswahili katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha utekelezaji wake, pamoja na kufundishwa shuleni. Walimu na watafiti wa Kiswahili wanahitajika, na wengi wanaofikiria uzamivu sasa hivi wako katika eneo hilo.

Kwa kazi ya lugha na fasihi, mimi nasimama na kitabu bila kusita. Nina dakika kumi na moja za kanda ya mwanamke anayeuza vitenge. Mnunuzi anasema, "Mama, hiyo bei unaniua." Kimya, sekunde nne nzima, unasikia boda ikipita. Muuzaji anajibu kwanza kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa Rwenzori, kwa chini, kana kwamba anajiambia mwenyewe, kisha anapandisha sauti kwa Kiswahili: "Ongeza kidogo tu, tusilale njaa sisi wote." Ile "sisi wote" ndiyo tasnifu yangu. Amemwingiza mnunuzi ndani ya njaa yake, amemfanya ndugu, na bei imekubaliwa kabla haijatajwa tena. Kuyaeleza hayo kulinichukua kurasa sita: mazungumzo yenyewe, vituo, tafsiri, nani alikuwa amesimama wapi. Jarida la sayansi za jamii linakupa maneno elfu saba au nane kwa kila kitu. Kimya cha sekunde nne kingekuwa cha kwanza kukatwa.

Na bado makala zina nafasi. Majarida yanayopokea kazi kwa Kiswahili yapo: Kiswahili (ndilo jina la jarida) na Kioo cha Lugha, yote ya Dar es Salaam, na Swahili Forum inayosomwa bure mtandaoni. Niliandika makala moja kutokana na sura ya nne kabla sijatetea, kwa Kiswahili, na wahakiki wake walinirekebishia istilahi mbili ambazo zingeniaibisha mbele ya jopo. Kwa hiyo ukichagua kitabu, chagua pia sura moja uipeleke jaridani mapema. Vyuo vingi vinadai makala kwa hali yoyote.

Kwa kazi ya afya, kilimo au mazingira hali ni nyingine. Jaribio la mdogo wangu linasomwa na mkunga wa Gulu na mwenzake wa Kigoma. Halina faida likijificha katika nakala sita zenye jalada gumu. Nchi ambayo kirusi cha Zika kilitambuliwa mara ya kwanza, katika msitu wa jirani na Entebbe, mwaka 1947, inajua kwamba kilichogunduliwa hapa lazima kisomwe kwingine.

Siku ya kutetea

Wanaosema makala zilizochapishwa hazina maswali siku ya utetezi wanadanganyana. Watahini humuuliza mwandishi wa makala jambo ambalo wahakiki hawakuliuliza kamwe: hizi nne zinasema nini kwa pamoja? Mdogo wangu aliandika joho lake, yale maelezo ya kuziunganisha makala, kwa wiki tatu za mwisho, akiwa amechoka, na hapo ndipo alipobanwa. Alirudishwa kuandika upya mjadala wa jumla. Anashauri wenzake waanze kurasa hizo mwaka wa pili, hata kama ni aya mbili kwa mwezi. Pia kuna suala la programu ya kukagua unakili: makala zako zilizochapwa zitaonekana kama wizi mpaka ofisi ijulishwe rasmi kwamba ni zako, na lazima mkataba wa jarida ukuruhusu kuzirudia.

Kwangu maswali yalikuwa ya upana: kwa nini soko hili na si Busia, kwa nini nadharia hii. Marekebisho yangu yalichukua wiki tisa, yakavuka Desemba, na nakala mbili nilizokwisha kujalidi kwa haraka Wandegeya zilikuwa na mwaka usio sahihi kwenye uti wa mgongo, kwa herufi za dhahabu. Usijalidi chochote hadi barua ya mwisho iwe mkononi.

Basi nani achukue ipi

Chukua makala kama uko ndani ya kundi la utafiti lenye watu wanaochapisha kila mwaka, kama swali lako lina mafungu yanayojisimamia, kama msimamizi wako mwenyewe ana makala za hivi karibuni na anajua mlango wa jarida ulipo, na kama unatafuta kazi ya utafiti mara tu ukimaliza. Usiichukue kama utakuwa mtu wa kwanza kuchapisha katika kundi lako. Kujifunza kuchapisha peke yako huku ukihesabiwa muda ni mzigo mzito mno.

Chukua kitabu kama hoja yako ni moja na ndefu, kama data zako ni maneno ya watu na nyaraka, kama uko peke yako idarani katika somo hilo, kama unafanya kazi huku unasoma na huwezi kuijibu barua ya wahakiki ndani ya siku thelathini. Na kama umechukua kitabu, tafuta watu wa Alhamisi kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka Bombo, mwalimu wa sekondari, anayetaka kuandika kuhusu Kiswahili na Kinubi, lugha ya Wanubi, katika familia za askari wastaafu. Alikuwa na mpango wa makala nne kwa sababu aliambiwa ndiyo njia ya kisasa. Nilimpa karatasi, nikamwomba aandike kila makala kwa sentensi moja. Ya kwanza ilitoka safi. Ya pili pia. Ya tatu aliandika, akafuta, akaandika tena, akaitazama.

"Mwalimu," akasema, "hii si makala. Hii ni mwendelezo wa ya kwanza."

Akageuza karatasi upande wa pili, akaandika juu kabisa "Sura ya kwanza", akamwomba mdogo wangu chai nyingine, akaendelea kuandika.